Tundu kwanza, rangi baadaye: shanga za kioo kwenye kifua cha farasi wa Kirumi

Anayetengeneza shanga za farasi wa Kirumi kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya maonyesho ya kuigiza jeshi la kale, huuliza rangi. Angeanza na tundu. Ushanga wa tikiti, yaani ule wa mviringo uliobonyea kidogo juu na chini, wenye mbavu kama tikiti dogo, una tundu pana kupita matarajio. Ushanga wa kipenyo cha milimita 20 unaweza kuwa na tundu la milimita 6 hadi 9. Shanga za dukani zina matundu ya milimita 1.5 au 2, kwa sababu zilikusudiwa uzi na shingo ya mtu. Ugwe wa ngozi unaofaa kifua cha farasi hauingii humo. Basi mtu hununua shanga mia, buluu ya kupendeza, mbavu safi, kisha huzitunga kwa waya mwembamba au uzi wa nailoni kwa kuwa hakuna kingine kinachopita. Matatizo mengi yatakayoelezwa hapa yanaanzia hapo.

Jambo la pili ni enzi. Shanga za tikiti zimeokotwa kwa wingi kwenye ngome za karne ya 1 na ya 2: Vindolanda kaskazini mwa Uingereza, Newstead kule Scotland, na kandokando ya mto Rhine. Anayeigiza askari wa wakati wa makaisari Claudius, Vespasian, Trajan au Hadrian anaweza kuzivisha farasi wake bila kuona haya. Anayevaa kofia na upanga wa karne ya 4 aziache sandukuni. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote, maana shanga ni rahisi kupatikana na kila mtu anazipenda, na farasi wa enzi za Kaisari Constantine huishia kuvishwa mapambo ya babu wa babu zake.

Ushahidi wa shanga hizi kuwa za farasi ni mwembamba, na ni vizuri kulikubali hilo mapema kabla mtazamaji mjuzi hajakubana. Shanga hizo hizo zimo kwenye makaburi ya wanawake na watoto. Kuokotwa ndani ya ngome si hoja tosha, kwani ngomeni waliishi watu wengi wasio askari. Mawe ya makaburi ya wapanda farasi, kama lile la Flavinus lililoko Hexham au la Longinus lililoko Colchester, yote kule Uingereza, si msaada sana katika hili: kitu kidogo kama ushanga mchongaji angeweza kukiachia mpaka rangi, na rangi imekwisha kubanduka. Kinachotupa nguvu ni ukubwa wa baadhi ya shanga, upana wa matundu, na kingo zilizolika kwa kusuguana na kitu kinene kuliko uzi. Kwa hiyo tunazivisha kwa kiasi. Farasi aliyejazwa shanga kuanzia paji la uso hadi mkiani ni wa harusi, si wa ala, yaani kikosi cha wapanda farasi wa Kirumi.

Kuna nyenzo mbili, na zisichanganywe kichwani. Moja ni kioo halisi, mara nyingi buluu iliyokolea inayopitisha mwanga, rangi inayotokana na kobalti kidogo sana. Nyingine ni fayansi: kiini cha mchanga mweupe uliosagwa, kilichofunikwa ngozi ya kioo yenye rangi ya feruzi, itokanayo na shaba. Fayansi haipitishi mwanga. Ikimeguka, ndani ni nyeupe au kijivu kama chokaa. Za zamani nyingi zimepoteza ngozi hiyo kabisa, ndiyo maana kwenye kabati za makumbusho huonekana zimefifia. Usiige kufifia huko. Farasi wa mwaka 100 alivaa ushanga mpya.

Kwa kioo, tumia fito laini za kioo cha soda na chokaa, ambacho ni jamaa wa karibu wa kioo cha Kirumi. Waroma walikiyeyusha kwa natroni ya Misri, ndugu wa magadi tunayoyatia kwenye maharage, na kioo kibichi kikasafirishwa kwa mapande hadi kwenye karakana za mbali. Kioo kilikuwa bidhaa ya masafa: Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unataja mawe ya kioo ya aina nyingi miongoni mwa vitu vilivyoletwa kuuzwa Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Ufito wa chuma wa kuzungushia uwe wa milimita 7. Uchovye kwenye uji wa kaolini, yaani udongo mweupe laini, uuache ukauke kabisa, la sivyo ushanga utang'ang'ania chuma na utaupasua ukijaribu kuuchomoa. Zungusha kioo kilichoyeyuka mpaka upate duara la milimita 20 kwa unene wa milimita 15 hivi. Kabla ya kuweka mbavu, tazama ncha mbili za tundu. Kioo kikiwa kimekaa kifupi juu ya ufito na kimejaa vizuri, ncha huingia ndani kidogo kama kitovu, na hiyo ndiyo unayoitaka. Kikiwa kimetambaa mbali juu ya ufito, ncha hutoka nyembamba na kali kama wembe. Ncha kali ndiyo inayokata ugwe. Ipime ikishapoa: pitisha kipande cha pamba ndani ya tundu. Pamba ikinasa hata unyuzi mmoja, paondoe makali kwa tupa ya almasi huku ushanga ukiwa umelowa maji, urudie mpaka pamba ipite bila kunasa. Dakika tatu kwa kila ushanga. Asiyekuwa na dakika hizo atazitumia baadaye kuokota shanga kwenye nyasi.

Mbavu huwekwa kwa ukingo wa kisu butu au bamba jembamba la shaba. Bonyeza alama 4 kwanza, kisha gawa kila nafasi kupata 8, kisha 16, kina cha milimita 2. Kioo kikiwa moto mno mbavu zinayeyuka na kurudi ndani, na kikipoa mno kinaingia ufa usiouona mpaka wiki inayofuata. Mbavu zisipolingana, ziache. Za kale hazikulingana pia. Kosa ni mbavu zilizotoka kwenye kalibu, zote sawasawa kama kifuniko cha chupa.

Kisha kupoza. Hapa ndipo wengi wanapochoka na kuuzika ushanga kwenye ndoo ya majivu tu. Majivu yanaweza kuutosha ushanga mdogo wa mkufu, lakini ushanga wa milimita 20 una mwili mnene: nje hupoa kabla ya ndani na mvutano hubaki umefungiwa humo. Utaonekana mzima. Halafu asubuhi yenye baridi farasi akikimbia, ushanga ukagonga bamba la shaba la mapambo yake, unagawanyika vipande viwili. Weka kwenye tanuri la umeme, nyuzijoto 515 hadi 520 za Selsiasi kwa saa moja, shuka nyuzi 50 kwa saa mpaka 370, kisha zima na usifungue mpaka kesho yake.

Fayansi ina tabia nyingine kabisa. Kianzio kizuri kwa gramu 100 za unga wa silika, yaani ule mchanga mweupe uliosagwa, ni gramu 6 za soda ya kufulia, gramu 6 za magadi soda, gramu 3 za kaboneti ya shaba na gramu 3 za bentonaiti, udongo laini wa kunatisha, kisha ujaribu kwa tanuri lako na urekebishe. Vaa barakoa ya vumbi laini kabisa, si kitambaa, kwa sababu unga wa silika huharibu mapafu bila kurudi nyuma. Na glavu, kwa sababu kaboneti ya shaba ni sumu. Maji kidogo kidogo. Donge lake si kama udongo wa mfinyanzi: halivutiki, linavunjika kama sima iliyokosa maji. Lifinyange juu ya mrija wa nyasi wa milimita 8, mrija utaungua wenyewe motoni, na kata mbavu kwa kijiti donge likiwa bado bichi.

Ushanga unapokauka, chumvi hutoka ndani na kutanda juu kama ukungu mweupe. Ukungu huo ndio utakaoyeyuka kuwa ngozi ya kioo. Ukiugusa kwa kidole umeufuta, na pale palipofutwa patatoka kipara. Ukiulaza mezani, upande wa chini haupati hewa na hautoi chumvi, nao utatoka kipara vilevile. Kwa hiyo zikaushe zikiwa zimening'inia kwenye kijiti siku mbili, zihamishe kwa kushika kijiti tu, na uzichome zikiwa kwenye waya usioyeyuka kwa moto, kati ya nyuzi 900 na 950, bila kugusana. Zikigusana huoana.

Kati ya hizo mbili, kwa farasi atakayekwenda shoti, fayansi ndiyo bora. Ikipigwa hubanduka punje za mchanga, haitoi vibanzi vikali. Kioo kiwe cha gwaride na cha kusimama mbele ya watu. Wako wanaopinga kwa sababu buluu ya kobalti inapendeza zaidi pembeni ya mabamba ya fedha, kama yale ya Xanten, Ujerumani, yaliyopakwa fedha na yenye jina la Plinius, kamanda wa wapanda farasi, ambayo sasa yako British Museum. Inapendeza kweli. Lakini mabamba hayo yanaonekana kutoka mita 50 na ushanga hauonekani hata kutoka mita 30. Mwezi wa Julai 2017, wapanda farasi 30 walipoonyesha mazoezi ya kikosi kimoja, turma, huko Carlisle kaskazini mwa Uingereza, kilichowaka machoni mwa umati kilikuwa shaba na vinyago vya uso. Ushanga ni wa yule anayekuja baadaye kumshika farasi shingo na kuuliza.

Sasa ugwe. Ngozi iliyotiwa dawa ya magome ya miti, upana milimita 4, unene 2.5. Ngozi ya mbuzi ni laini lakini hurefuka mno. Ya ng'ombe iliyokatwa kutoka mgongoni hutulia. Irefushe kabla haijarefushwa na mvua: iloweshe, ining'inize usiku kucha na uzito wa kilo 2, kisha ipake mchanganyiko wa nta sehemu 1 na mafuta ya ng'ombe sehemu 2, kidogo tu. Ugwe unaong'aa mafuta hushika vumbi la uwanja, na vumbi hilo likiingia kwenye tundu linakuwa msasa kati ya kioo na ngozi.

Nailoni hapana. Si kwa sababu ya enzi tu. Haikatiki, na kila kitu kilichofungwa kwa farasi lazima kiwe na mahali pa kukatikia.

Tukadirie mfano wa farasi mdogo wa kimo cha sentimita 140 hivi begani, kimo kinachokaribiana na cha farasi wengi wa jeshi la wakati ule. Umbali wa kupita mbele ya kifua, kutoka pete ya bega moja hadi ya pili, ukiwa sentimita 70, utunge wako uwe na urefu wa sentimita 78 ili ulegee kidogo chini ya ukanda wa kifua. Tia shanga 19: idadi witri huweka ile kubwa kabisa katikati, na nyingine zipungue kuelekea pembeni kutoka milimita 22 hadi 16. Shanga zenyewe zitachukua sentimita 28 hivi, mafundo 20 sentimita 16, na zinabaki kama sentimita 17 tupu kila upande. Utupu huo ni wa makusudi. Bega la farasi huviringika chini ya ngozi kila anapotupa mguu, na ushanga uliokaa juu yake husugua manyoya mpaka nyama ionekane. Kila fundo hula sentimita 3 hadi 4 za ugwe, kwa hiyo kata mita 2 kamili, na utabakiwa na ncha za kufungia. Uzito wa jumla ni kati ya gramu 100 na 130 kwa kioo, pungufu kwa fayansi.

Funga fundo moja kati ya kila ushanga na mwenzake. Bila mafundo, shanga zote hukusanyika katikati kwa uzito wao na kugongana kila hatua, na mbavu humeguka kwanza kwenye ncha. Fundo moja la ugwe huu hutoka milimita 8 au 9, na tundu ni 7, hivyo linaziba kwa shida. Likaze ngozi ikiwa na unyevu. Likipenya, usifunge la pili juu yake, litakuwa kokwa gumu la kumchoma farasi. Kata kidude cha ngozi cha mviringo, kipenyo milimita 12, ukitoboe katikati na kukipachika kati ya fundo na ushanga. Kidude hicho pia hunyamazisha mlio.

Ncha mbili zifungwe kwenye pete za mabega, zile zinazounganisha ukanda wa kifua na tandiko. Usifanye mkufu kamili wa kuzunguka shingo. Farasi akiinamisha kichwa kula nyasi, mkufu huteleza hadi masikioni, na akijikuna kwa kwato ya nyuma, mguu huingia. Mwisho wake ni farasi aliyeanguka. Na hata kwenye pete usifunge ugwe moja kwa moja: funga kwa mizunguko 2 ya uzi wa kitani uliotiwa nta, ujaribu kwa mizani ya kuvuta, ukatike kati ya kilo 10 na 15. Upande mmoja tu uwe dhaifu. Pande zote zikikatika pamoja, shanga zote ziko chini ya miguu ya farasi wa nyuma. Ukikatika mmoja, utunge unabaki unaning'inia na mpandaji anauona.

Ushanga mmoja mmoja unaweza pia kutundikwa juu ya kining'inio cha shaba, kwa pete ya waya wa milimita 2. Hapa waya na kioo havipatani. Viringisha ngozi nyembamba juu ya waya kwanza, na ukunje ncha ya waya mara mbili kuelekea nje ili isimchome farasi. Kichwani, kwenye mikanda ya shavu na ya paji, hatuweki kioo kabisa. Farasi hujisugua uso kwenye nguzo, kwenye mgongo wa mwenzake, kwenye bega lako. Kibanzi kimoja jichoni, kazi imekwisha.

Na jicho ndilo linalotajwa kila mtu anapoona buluu hii. Farasi wa Kirumi walivishwa vining'inio vya umbo la mwezi mwandamo na vya uume kwa ajili ya kinga, na hadi leo Uturuki utaona punda na farasi wenye shanga za buluu dhidi ya kijicho. Kwa msomaji wa pwani hakuna haja ya kueleza husuda ni nini wala kwa nini mnyama mzuri ahitaji kitu cha kuvutia jicho kabla halijamfikia. Mtazamaji akiuliza, hilo ndilo jibu linaloeleweka haraka, mradi usiliuze kama jambo lililothibitishwa kwa kila ushanga.

Farasi naye azoeshwe. Mlio wa kioo ukigonga shaba ni mdogo kwetu, kwake ni kitu kinachomfuata kifuani na hakiachi. Siku ya kwanza mwonyeshe, aunuse, autikise mtu mwingine pembeni yake wakati anakula. Siku ya pili mvishe, umtembeze kwa kamba bila mpandaji. Kisha telki, kwa kamba bado. Mpandaji apande siku ya nne au ya tano, na shoti ije mwisho, uwanjani kwenu, si mbele ya umati. Akianza kutupa kichwa au kukaza mgongo, rudi hatua moja nyuma. Angalia pia manyoya marefu ya shingoni: yakiwa upande wa kushoto, fundo la kushoto litayanasa na kuyang'oa unyuzi kwa unyuzi, kwa hiyo yasuke au sogeza fundo chini.

Baada ya kazi, jasho. Chumvi yake huamsha kutu ya kijani kwenye shaba, na kutu hiyo humpaka farasi mweupe au wa kijivu doa lisilotoka kwa brashi. Futa pete na vining'inio siku hiyo hiyo kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Shanga za kioo zioshwe kwa maji yaliyo karibu na joto la hewa. Asubuhi ya baridi, maji ya moto huzipasua hata zilizopozwa vizuri. Fayansi iliyomeguka hunywa maji, na ikipigwa na barafu usiku, ganda hubanduka. Zikaushe ndani ya nyumba. Pitisha kidole kwenye kila fundo ukitafuta mahali ngozi ilipokuwa nyembamba au nyeupe. Ugwe ulioliwa robo ya upana wake ubadilishwe wote, usiungwe.

Halafu hesabu. Ziandikwe idadi zake kwenye kifuko cha kila farasi, 19 zilizotoka, 19 zilizorudi. Ikirudi 18, hakuna anayepakia gari. Watu wanajipanga mstari mmoja, hatua moja kati yao, wanatembea pale farasi alipopita huku wanatazama chini, kwa sababu kesho yake uwanja ule unarudishiwa kondoo wake.